Barafu ni Haki ya Marehemu

Ilikuwapo nchi moja, na kama ingalipo basi tunaipongeza kwa uvumilivu wake. Jina lake silitaji. Wenyeji walifundishwa kulitaja wakiwa wamesimama wima, mkono kifuani, nami nasimulia nimekaa.

Katika nchi hiyo joto lilifutwa. Lilifutwa siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa Tangazo la Serikali namba saba, na kufikia saa sita mchana watu kumi na wanne walikuwa wameshavunjwa mikono kwa kukutwa wakijipepea. Sababu za kulifuta zilikuwa za busara kabisa. Mitambo ya umeme ilikuwa imechoka, feni zilikuwa haziendi, na wakazi wa majengo ya ghorofa walikuwa wakilalamika kila kiangazi kikiingia. Wataalamu wa Wizara ya Ubaridi wa Makazi walijifungia siku tisa katika hoteli yenye viyoyozi wakitafuta njia nafuu ya kupoza nyumba za wanyonge. Walifikiria mitambo mipya, wakaona ni ghali. Walifikiria miti ya kivuli, wakaona inachelewa kukua. Mwisho mmoja wao akakumbuka kwamba virungu tayari vipo stoo.

Tangu siku hiyo redio ilitangaza kila alfajiri kwamba hali ya hewa ni nyuzi ishirini na mbili, upepo ni mwanana, na mwenye maoni tofauti afike kituoni na nguo za kubadilisha. Maofisa walivaa makoti marefu ya sufu ili wananchi waige mfano. Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata asiyejua kusoma aliielewa mgongoni. Kutamka neno joto, virungu vitatu. Kujifuta jasho hadharani, virungu vitano, kwa kuwa jasho ni uchochezi unaotoka mwilini. Kutundika nguo mbichi dirishani ili upepo upite na ubaridi, huvunjwa dirisha, kisha huvunjwa mwenye dirisha.

Watu wakatulia. Nchi ikawa na ubaridi wa kupigiwa mfano.

*

Tatu Mwinjuma alikaa ghorofa ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, katika Jengo la Upepo Mwanana Namba Tisa. Juu yake hapakuwa na mtu, palikuwa na dari ya zege na jua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mshona mapazia, si mtu wa maneno mengi. Aliishi na baba yake tu.

Mzee Mwinjuma alikuwa mwashi. Jengo hilo alilijenga yeye na wenzake, tofali kwa tofali, na ndiye aliyewaambia wahandisi kwamba madirisha wameyaelekeza kwenye ukuta wa jirani na upepo wameupa kisogo. Wahandisi wakamwambia, wewe shika mwiko wako. Sasa alikuwa ameugua kiharusi. Upande wa kulia haukufanya kazi, ulimi haukufanya kazi, ila macho yalikuwa yaleyale ya mtu anayepima ukuta kama umenyooka. Daktari alimwambia Tatu maneno ya wazi, siku mbili kabla hajachukuliwa na watu wasiojulikana. "Mwili wa mzee haujui tena kujipoza wenyewe. Ukichemka, anaondoka. Mvushe kiangazi hiki, Dada Tatu, na utakuwa naye miaka."

Basi Tatu akawa na kazi moja duniani, kumvusha baba yake miezi mitatu asichemke. Hela ya kiyoyozi hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo umeme ungekuja kukitazama mara moja kwa wiki. Lakini alikuwa na elimu ya baba yake. Tangu utotoni alimsikia akisema kwamba nyumba hupozwa kwa akili kabla ya kupozwa kwa pesa: dari ipakwe chokaa nyeupe ili jua lirudi lilikotoka, madirisha yafungwe mchana na yaachwe wazi alfajiri, shuka mbichi itundikwe penye upepo, mtungi wa udongo ukae chumbani, na mgonjwa alale sakafuni maana hewa ya moto hupanda juu. Yote hayo yalikuwa rahisi. Yote hayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa makosa ya jinai.

Alianza na chokaa. Alipanda juu ya dari kabla ya jua, akapaka nusu yake, na akashuka bila kuonekana. Kilichomponza ni matone meupe kwenye ngazi. Kila jengo lilikuwa na Balozi wa Ngazi, na wa jengo hili alikuwa Bwana Chakupewa wa ghorofa ya chini, mtu mpole, mwenye watoto sita, aliyesalimia watu vizuri asubuhi na kuwaandika majina jioni. Aliyaona matone. Saa tatu Kikosi cha Ubaridi kikawa kimefika, kikiongozwa na Sajini Kisoki, na kwa kuwa kila aliyeulizwa alisema hajui nani kapaka, wakamtafuta muuza chokaa wa mtaani. Walimpandisha juu ya dari hiyohiyo, wakamtupa chini, ili apime mwenyewe urefu wa kosa lake. Alivunjika miguu yote miwili, na akatakiwa kushukuru kwamba ameangukia kivulini. Siku hiyohiyo serikali ikaikarabati dari kwa gharama zake. Iliipaka lami nyeusi.

Tatu akahamia kwenye shuka. Alimudu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Sajini Kisoki alisimama mlangoni, koti la sufu limemfika visigino, ndevu zinadondosha maji.

"Hii nini?"

"Shuka, afande."

"Mbona mbichi?"

"Nimefua."

"Na jana?"

"Jana pia nilifua."

"Mtu anayefua shuka moja siku kumi na mbili mfululizo," alisema Sajini, "ama kichaa ama mpinzani. Wewe ni yupi?"

Tatu alifikiri kidogo. "Kichaa, afande."

"Vichaa wamejaa, hatuna nafasi." Akamshika mkono wa kulia kwa adabu, akauweka kwenye fremu ya dirisha, akalifunga dirisha kwa nguvu zake zote. Vidole viwili vilivunjika kwa sauti ndogo. Kisha askari wake wakayapigilia misumari madirisha yote ya chumba, baridi isije ikaingia na kumdhuru mzee. Walipokuwa wakitoka, mmoja wao akauona mtungi pembeni ya mkeka. Mtungi ulikuwa unatoka jasho kwa nje, kama ilivyo kawaida ya mitungi yote ya udongo tangu ulimwengu uumbwe. Sajini aliuamuru ukauke. Haukukauka. Akaupiga risasi mbili.

*

Chumba kikawa tanuri. Lami juu, misumari pembeni, na chini sakafu iliyounguza nyayo. Tatu alimfuta baba yake kwa kitambaa mchana kutwa kwa mkono wa kushoto, na maji yalikauka kabla hajafika kifuani. Siku ya nne Mzee Mwinjuma aliacha kufungua macho. Siku ya tano midomo yake ikapasuka. Tatu alimwogopa Mungu na alikuwa hajawahi kumtakia mtu mabaya, lakini siku hiyo alikaa kwenye mkeka akamchukia Sajini Kisoki mpaka meno yakamuuma.

Mama Ndimbo aliingia kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini, na huyo hakuzungukazunguka kwenye maneno. Alimgusa mzee kwapani, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu Ijumaa haifiki."

"Nifanye nini, Mama Ndimbo? Kila ninachojua wamekivunja."

"Anahitaji barafu."

"Barafu naipata wapi mie?"

Mama Ndimbo akaufunga mlango. "Ghala Kuu la serikali limejaa. Ila wanapewa marehemu tu."

Ilikuwa kweli. Katika sheria ile kali palikuwa na kifungu kimoja cha huruma. Mwaka uliopita baba wa Waziri wa Ubaridi alifariki, na hotuba za kumuaga zikachukua siku tatu, na siku ya tatu marehemu akawakimbiza wageni wa heshima kwa harufu. Ndipo ikaamuliwa kwamba kila raia akishafariki apewe mapande manne ya barafu bure, kwani marehemu hana maoni kuhusu hali ya hewa. Kufa kufaana, wahenga walisema, ingawa nadhani hawakuwa wakimfikiria huyohuyo anayekufa.

Asubuhi Tatu akaenda Ofisi ya Vifo. Karani alikuwa Bwana Zakayo, mzee mwembamba mwenye koti la sufu lililomzidi, aliyesifika wilaya nzima kwa mwandiko wake mzuri. Herufi zake zilikuwa na mikia. Alikuwa mtu wa usahihi, hakuwahi kufuta neno tangu aajiriwe.

"Jina la marehemu?"

"Mwinjuma Salehe, mwashi."

"Amefariki lini?"

"Leo. Saa tatu na nusu."

"Kwa nini?"

Karani Zakayo akainua kalamu. "Dada, kuna mawili tu, uzee na kuridhika. Juzi alikuja mtu hapa akataka jambo la tatu." Akaonyesha kwa kalamu doa la damu ukutani, lililokuwa limekwisha zungushiwa chaki na kupewa namba. "Nikuandikie lipi?"

"Uzee."

"Umechagua vizuri," alisema karani, akaandika.

*

Barafu ilifika kwa lori saa sita. Askari wanne waliipandisha mpaka ghorofa ya nne bila kuuliza swali, wakavua kofia mbele ya mlango, wakaondoka. Tatu na Mama Ndimbo waliyapanga mapande manne pande zote za mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, chumba kile kilikuwa na ubaridi wa kweli, si wa redioni. Baada ya nusu saa Mzee Mwinjuma akafumbua macho. Aliitazama dari, akaitazama barafu, akamtazama binti yake, halafu kwa mkono wake wa kushoto akamfinya kidole kimoja kizima. Tatu akaangua kilio cha furaha.

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani mtu anaweza kuwa na msiba wake mwenyewe, kimyakimya, akala barafu yake na maisha yakaendelea. Lakini kwa watu wale, mtu aliyetoka Ofisi ya Vifo akisikika analia ndani kwake, huo si msiba wake tena. Kabla hajajifuta machozi, turubai lilikuwa limekwisha fungwa uani. Mikeka ikashuka kutoka ghorofa zote, sufuria kubwa la wali likatoka kusikojulikana, na wanaume wakaanza kukaa vikundi vikundi wakizungumzia marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Bwana Chakupewa, Balozi wa Ngazi, alilia kuliko wote, akajichagua mwenyekiti wa kamati, na kamati ikaamua kwamba mazishi ni kesho saa nne.

Wanawake walipanda juu kumfariji mfiwa. Waliingia kumi na wawili, khanga vichwani, wakamkuta marehemu anakunywa maji kwa kijiko.

Mama Ndimbo akasogea, akausukuma mlango ukajifunga.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Marehemu anaomba msimwambie mtu."

Wanawake wakatazamana. Wakaihisi ile baridi ikiwapanda miguuni. Mmoja wao, mke wa Bwana Chakupewa mwenyewe, akavuta pumzi, akatoa kilio kirefu kilichosikika mpaka barabarani, na wenzake wakapokea. Kisha wakakaa chini kuizunguka barafu, na hakuna aliyeondoka mpaka jioni. Ilisemwa baadaye kwamba hapajawahi kutokea mfiwa aliyefarijiwa vile.

Wao ndio waliopanga la kufanya. Mzee angebaki chumbani na barafu iliyosalia. Jenezani ungewekwa mgomba, umevikwa sanda vizuri, na mgomba ungezikwa kwa heshima zote. Wachimba kaburi walikuwa watu wa mtaani, wakaambiwa, wakaitikia. Yangeisha hivyo, na Tatu angekuwa na baba aliyekufa kiserikali na mzima kiafya, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa ndoto ya kila familia.

*

Asubuhi, saa tatu kamili, Kanali Makupa alipanda ngazi.

Huyu alikuwa Mkuu wa Kikosi cha Ubaridi, mtu wa miaka thelathini na minane, kifua kimejaa nishani za theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Taarifa zilimfikia kwamba raia mmoja amekufa kwa uzee, kwa utulivu, chini ya dari iliyokarabatiwa na serikali. Hilo halikuwa jambo la kuachia majirani. Alikuja na bendi, Sajini Kisoki, karani Zakayo na madaftari yake, na jeneza la serikali. Tatu alipata muda wa kumnong'oneza baba yake tu, "Baba, fumba macho." Mzee akafumba. Alikuwa mwashi, kukaa kimya wakubwa wakisema upuuzi alikwisha zoea zamani.

Walimweka jenezani na barafu yake yote. Jeneza lilikuwa na nyufa za kupitisha hewa, ashukuriwe fundi aliyeiba nusu ya mbao. Mama Ndimbo akamshika Tatu mkono walipokuwa wakishuka ngazi. "Tulia. Wachimba kaburi watatupia udongo kidogo tu, wakubwa wakigeuka tunamtoa. Cha muhimu hotuba iwe fupi."

Jeneza likawekwa katikati ya uwanja wa jengo, juani. Kanali akapanda kwenye meza, akafungua karatasi. Zilikuwa karatasi thelathini na moja.

"Wananchi mliopoa," alianza. "Leo hatuombolezi. Tunajivunia. Marehemu Mwinjuma ni ushahidi unaolala. Maadui zetu, wale wa nje na wale wa ghorofa za juu, wanadai kwamba kuna kitu fulani hewani. Nawauliza, kiko wapi? Mimi hapa nimevaa koti la kilo nane. Mnaona ninatokwa na nini?"

"Hatuoni, afande," uwanja mzima ukajibu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni kama bomba bovu.

"Nasikia baridi," alisema Kanali.

"Pole, afande."

Tatu hakusikiliza. Alikuwa akitazama chini ya jeneza. Maji yalikuwa yanatoka kwenye nyufa, kwanza matone, kisha uzi mwembamba, na uzi ule ulikuwa unakauka kwenye mchanga kabla haujafika mbali. Karatasi ya kumi ikapita. Jua lilikuwa limepanda utosini. Karatasi ya kumi na tano Kanali aliisoma mara mbili, na watu wakapiga makofi mara mbili. Alipofika ya kumi na nane uso wake ulikuwa na rangi ya ini, na maneno yake yalikuwa hayashikani. Alisema, "Taifa letu... mama, nifungulie mlango," kisha akaanguka kutoka mezani, uso mbele.

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja pale alijua la kufanya, hata watoto: mvue koti, mvute kivulini, mmwagie maji. Kila moja kati ya hayo lilikuwa na adhabu yake. Mama Ndimbo peke yake ndiye aliyesahau. Miaka thelathini ya wodini ilimpeleka mbio mpaka alipolala Kanali, akapiga magoti, akaishika kola. Kirungu cha Sajini Kisoki kikampata mdomoni.

"Unamfungua Kanali vifungo? Unataka kumaanisha nini?"

Mama Ndimbo akatema meno mawili. "Anakufa, afande."

"Anakufa na nini?"

Akawatazama askari waliomzunguka, virungu juu. "Uzee," alisema.

Basi askari wakafanya duara kumlinda mkuu wao asije akasaidiwa. Mwanamume mmoja alijaribu kurusha ndoo ya maji kwa juu, wakamvunja taya. Kanali Makupa alikuwa mtu mwenye nguvu, ilimchukua robo saa. Alipotulia, karani Zakayo akaingia kwenye duara, akafungua Daftari la Vifo, akaandika kwa mwandiko mzuri. Sajini akapiga saluti.

"Sasa ana haki ya barafu," alisema. "Ileteni."

Ghala Kuu lilikuwa upande wa pili wa mji. Jeneza lilikuwa hatua sita.

*

"Kanali ni mkubwa kuliko mwashi," alisema Sajini, na kwa kipimo cha nchi ile hakukosea. Wakang'oa kifuniko. Jua likampiga Mzee Mwinjuma usoni, naye akafumbua macho.

Sajini akamtazama. Mzee akamtazama Sajini kwa yale macho yake ya kupima ukuta.

"Baba yangu mzima," Tatu alisema. Alikuwa amekwisha fika kwenye jeneza, amelilalia kwa kifua. "Nilidanganya mimi. Nipigeni mimi. Barafu mwacheni nayo, mtamuua."

Sajini hakuwa mtu wa kuamua mambo kwa macho. Alimgeukia karani. Karani Zakayo akafunua kurasa. "Mwinjuma Salehe, mwashi. Alifariki jana, saa tatu na nusu, kwa uzee."

"Umesikia," Sajini alimwambia Tatu.

"Anapumua, afande."

"Hilo ni la kifamilia."

Wakaanza kuyatoa mapande. Tatu alilikumbatia la mwisho, nao wakampiga mkononi mpaka mfupa ulipokatika na mkono ukaachia wenyewe. Majirani wakavamia. Mikeka, mawe, vyungu vya wali wa moto, kila kilichoshikika kilirushwa. Askari wakafyatua risasi, na vijana wawili wa ghorofa ya pili wakaanguka juu ya sufuria. Watu wakarudi nyuma. Sajini akasimamia kazi mpaka ikaisha, na Kanali Makupa akalazwa katikati ya barafu, amepoa, vifungo vyote vimefungwa.

Tatu alimburuta baba yake kwa mkono mmoja mpaka chini ya ngazi, penye kivuli kidogo. Ngozi ya mzee ilikuwa kavu na iliunguza. Alivua khanga yake akampepea mbele ya Kikosi kizima, na hawakumgusa, walikuwa wanapanga gwaride. Alimpepea, akamwita, akamwambia kiangazi kimebaki wiki tano tu, Baba, wiki tano. Mzee Mwinjuma akakitafuta kidole chake, akakishika, akakiachia. Tatu aliendelea kumpepea kwa muda mrefu baada ya hapo, kwani hakujua la kufanya na mkono wake.

Kisha akainuka, akavuka uwanja mpaka kwenye meza ya karani.

"Andika. Baba yangu amefariki."

"Ameshaandikwa, Dada," Karani Zakayo alisema kwa upole wa dhati. "Mtu hafi mara mbili. Na barafu yake ilishatolewa."

"Basi rekebisha sababu. Si uzee."

"Mimi sifuti."

Tatu akamtazama. Hakuwa na baba, hakuwa na mikono miwili, na kilichobaki kumwogopesha hakukiona. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemtajia fundi kipimo cha pazia, "Joto limemuua Mwinjuma wa ghorofa ya nne."

Bendi ikanyamaza. Sajini Kisoki akaja, akampiga virungu vitatu vya mgongo, kama sheria inavyotaka, na Tatu akaenda chini. Karani Zakayo akaliweka pembeni Daftari la Vifo, akalivuta la pili, Daftari la Makosa. Katika hilo sheria ilimtaka aandike maneno ya mkosaji yote, kama yalivyotamkwa, bila kupunguza neno, na kuyagonga muhuri. Akachovya kalamu, akaandika. Tatu alimtazama kutoka mchangani.

"Nisomee," alisema.

Mkosaji alikuwa na haki ya kusomewa, na karani alikuwa mtu wa haki. Akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya kiofisi uwanja mzima ukasikia. "Joto limemuua Mwinjuma wa ghorofa ya nne." Akagonga muhuri.

Kisha Mama Ndimbo akajikongoja, khanga mdomoni, akasimama mbele ya meza. "Na mimi naandikisha," alisema, na maneno yalitoka na damu. "Joto limemuua Mwinjuma wa ghorofa ya nne."

Virungu vitatu. Muhuri. Nyuma yake alikuwa amesimama mwenye taya iliyovunjika, na huyo ilibidi ayaseme mara mbili ili karani ayapate sawasawa, na kwa kuwa ameyasema mara mbili akapigwa sita. Nyuma yake akaja mama wa mmoja wa vijana wa kwenye sufuria. Wakajipanga vizuri, kama watu wanaokwenda kuchukua kitu chao, kila mmoja akisema sentensi ileile, akipigwa, akiinuka au akiinuliwa, akimpisha wa nyuma. Mke wa Bwana Chakupewa alipita. Mwisho akaja Bwana Chakupewa mwenyewe, Balozi wa Ngazi. Aliyasema kwa sauti ndogo mno, karani akamwomba arudie, naye akarudia kwa nguvu.

Jua lilipozama Sajini Kisoki alikuwa anapigia mkono wa kushoto, na wa kulia ameufunga kwenye koti. Karani Zakayo hakufuta neno. Alibadilisha wino mara mbili, akajaza kurasa nne, mstari kwa mstari, herufi zenye mikia, na mwisho wa kila mstari muhuri wa serikali: joto limemuua Mwinjuma wa ghorofa ya nne, joto limemuua Mwinjuma wa ghorofa ya nne, mara sitini na moja.